Kilo 116 na spoku zinazokatika: nichukue gurudumu gani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kilo 116 na naendesha baiskeli ya mbio ya mtumba yenye breki za kubana ringi. Gurudumu la nyuma lina spoku 20. Imeshakatika ya tatu sasa, na kila nikibadilisha moja ringi inaanza kuyumba tena. Dukani wananishawishi ninunue magurudumu ya kaboni, eti ndiyo imara. Unanishauri nini? – Msomaji, Moshi

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kaboni waachie wenyewe. Kwa breki za kubana ringi, uzito wako ukishuka mteremko wa Marangu hadi Himo unazalisha joto jingi, na ringi ya kaboni haipendi joto. Ya alumini inalistahimili vizuri zaidi, tena ni rahisi kuipata.

Ila shida yako haiko kwenye ringi. Iangalie ile spoku iliyokatika: bila shaka imekatikia kwenye kona, pale inapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Hapo haikukatwa na shimo moja la barabarani, imechoka. Kila gurudumu linapozunguka, spoku zilizo chini hulegea kidogo, zikipanda juu hukaza tena. Spoku zikiwa 20 tu, kila moja inabeba mzigo mkubwa, na kama zilifungwa legelege tangu kiwandani, zikifika chini zinalegea kabisa. Kona inachezacheza mpaka inakatika. Ndiyo maana kubadilisha moja moja hakukusaidii: zilizobaki zimechoka vilevile, zinasubiri zamu.

Nyuma weka spoku 36. Ukikosa, 32, usishuke hapo. Tazama zile Raleigh za zamani za kubebea mizigo: nyuma 40, mbele 32. Waliozitengeneza walijua uzito unakaa wapi. Habu ya Shimano ya daraja la kawaida, kama Tiagra au 105, inatosha kabisa, mradi idadi ya matundu ilingane na ya ringi. Spoku ziwe za chuma kisichoshika kutu, milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Wengi hudhani nene mwanzo hadi mwisho ndiyo bora, lakini ile sehemu nyembamba huvutika kidogo na kuipunguzia kona adha. Watengenezaji wa spoku Sapim na DT Swiss wote wanazo. Nati za spoku ziwe za shaba, si za alumini. Mfumo wa kupishana mara tatu, yaani kila spoku ikipishana na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi, unatosha.

Baada ya hapo kila kitu kiko mikononi mwa fundi, na mimi ningempa fundi mzuri hela ambayo ungeongezea kwenye jina la ringi. Upande wa gia spoku zikazwe hadi mvuto wa kilo 110 au 120 hivi kwa kila moja, ila kwanza aangalie kikomo cha ringi yenyewe. Upande wa kushoto utakuwa legevu zaidi, pengine karibu nusu. Ni kawaida, kwa sababu gia zimeisukuma ringi isikae katikati ya habu. Akimaliza kukaza, ashike spoku mbili mbili zilizo sambamba na kuzibana kwa nguvu za mkono, kuzunguka gurudumu zima, kisha anyooshe upya. Hatua hii huikalisha kona vizuri kwenye habu, na mafundi wenye haraka huiruka. Mwulize kabla hujamkabidhi kazi. Ukishaendesha wiki chache, mrudishie akague.

Gurudumu la mbele linabeba uzito mdogo na spoku zake zimekaa sawa pande zote mbili. Kama halikusumbui, litasubiri mshahara ujao.

Mwisho tairi. Kama unatumia ya upana wa milimita 23, panda hadi 28, maana matuta ya barabara zetu unayajua. Fremu nyingi za mitumba hazizidi 25, kwa hiyo pima kwanza nafasi kati ya tairi na breki, na kwenye uma pia, ndipo ununue.