Tundu la cheche kwenye ngoma ya sikio: kiraka kinatoka wapi, na kinashikaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Chang'ombe, Dodoma, nina miaka 31. Mwaka jana nilikuwa nachomelea kenchi nikiwa chini yake, cheche ikadondoka ndani ya sikio la kulia. Maumivu yalikwisha baada ya siku chache, lakini tangu hapo nasikia kwa shida, na maji yakiingia tu, sikio linatoa usaha. Hospitali wameniambia ngoma ya sikio imetoboka, haitafunga yenyewe, nifanyiwe upasuaji wa kuweka kiraka. Kiraka chenyewe kinatoka wapi? Kinashikaje bila kushonwa? Nitasikia kama zamani, na nitakaa nje ya kazi muda gani?

JIBU: Marahaba, fundi, na pole sana. Umeuliza maswali ambayo kila mgonjwa angepaswa kuyauliza kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Ngoma ya sikio ni utando wenye upana wa karibu sentimita 1 na unene wa takribani sehemu 1 ya 10 ya milimita. Hata hivyo una matabaka matatu: ngozi upande wa nje, nyuzi ngumu katikati, na utando laini wenye unyevu upande wa ndani. Mtu akipigwa kofi au akijichoma na kijiti, tundu lake mara nyingi hujifunga lenyewe, pengine ndani ya wiki chache, pengine miezi 3. Ndiyo maana hatukimbilii kisu. Cheche ni habari nyingine. Inaunguza kingo za tundu na kuua vimishipa vya damu ambavyo vingeleta uponyaji. Kwako mwaka umepita na usaha unarudi, kwa hiyo nakubaliana na waliokuona: kusubiri zaidi hakutakusaidia.

Kiraka kinatoka mwilini mwako mwenyewe. Weka vidole juu kidogo ya sikio, kisha ukaze meno. Kile kinachotutumka ni msuli wa kutafunia, na juu yake umetandazwa utando mweupe, mwembamba na mgumu. Daktari anachukua kipande cha huo utando kupitia chale ya nyuma ya sikio, anakwangua nyama iliyonata, anakianika kidogo mpaka kinakuwa kama karatasi nyepesi. Hutaona pengo lolote pale kilipotolewa, na utatafuna kama kawaida. Tundu likiwa kubwa, au kingo zikiwa zimeungua vibaya, wengi wetu tunapendelea gegedu, ile sehemu ngumu ya kile kinundu kilicho mbele ya mlango wa sikio. Gegedu ni nene zaidi, lakini inavumilia mahali penye damu kidogo. Kwa sikio la cheche mimi ningeifikiria mapema, na ni haki yako kumuuliza daktari wako anapanga kutumia ipi.

Sasa kushika. Wewe huchomelei juu ya kutu, unapiga grenda kwanza mpaka chuma kionekane. Nasi tunaanza hivyo hivyo: chini ya hadubini, tunachubua ukingo wote wa tundu mpaka utoke damu mbichi, kwa sababu ukingo uliokwisha kupona kwa kovu hauungani na kitu. Kisha tunainua ngozi ya njia ya sikio pamoja na ngoma yenyewe, tunakagua vifupa vya ndani, tunaingiza kiraka kwa chini kikipita kingo pande zote, na kurudisha ngoma juu yake. Chini na juu tunajaza sponji maalumu ambayo huyeyuka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Hiyo ndiyo inayokibana kiraka, na kwenye ngoma hakuna uzi hata mmoja. Siku za mwanzo kiraka kinaishi kwa majimaji yanayochuruzika kutoka kingoni. Baadaye vimishipa vipya vya damu vinaingia, ngozi inatambaa juu yake kwa nje, na utando wa ndani unakifunika kwa chini. Hapo kimekuwa sehemu yako.

Kazi yote huchukua saa 1 hadi 2 hivi, mara nyingi kwa nusu kaputi, ingawa baadhi ya watu wazima hufanyiwa kwa ganzi ya mahali hapo tu. Kichwa hakifunguliwi, maana najua mtaani wanasema hivyo.

Kwa matundu ya kawaida, mikononi mwa mzoefu, kiraka hushika kwa takribani wagonjwa 8 au 9 kati ya 10. Kwa matundu ya cheche matokeo huwa chini ya hapo, na sitaki ulale mezani bila kulijua hilo. Mambo mawili yako mikononi mwako. Kama unavuta sigara, acha sasa, maana inabana vimishipa vile vile tunavyovitegemea. Na ulikaushe sikio kabla ya siku ya upasuaji: ukioga, weka pamba iliyopakwa vaselini mlangoni mwa sikio, kuogelea Hombolo au Mtera kusubiri, usaha ukitoka, rudi hospitali usafishwe upewe matone yanayofaa. Tafadhali usijinunulie matone dukani. Yale yenye jentamisini, yakipita kwenye tundu, yanaweza kuua usikivu wa ndani kabisa, na huo haurudi. Mafuta ya moto na maji ya majani nayo uyaache.

Kuhusu kusikia, lengo la kwanza la upasuaji huu ni kuliziba sikio libaki kavu na salama. Usikivu kwa kawaida huongezeka, lakini kiasi gani kinategemea kilichoharibika nyuma ya ngoma. Kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana mtikisiko mpaka sikio la ndani. Cheche inaweza kuwa imekiunguza kimojawapo. Kikikatika, tundu likizibwa tu bado utasikia hafifu mpaka mnyororo uungwe. Na mbali zaidi kuna mshipa wa fahamu, ambao kelele za grenda huuchosha miaka nenda rudi. Kwa hiyo usikubali kupangiwa tarehe bila kipimo cha usikivu. Karatasi yake ina mistari miwili, mmoja wa sauti inayopita hewani na mwingine wa sauti inayopita kwenye mfupa. Nafasi iliyo kati yao ndiyo tunayoweza kuipunguza kwa upasuaji. Mstari wa mfupa ukiwa umeshuka, hakuna kiraka kitakachoupandisha. Mwombe daktari akuoneshe kwa kidole.

Jambo moja la mafundi: waeleze wazi kuwa iliyoingia ni cheche ya chuma. Wakati mwingine chembe hubaki ndani, na picha ya CT huionesha. Usiingie kwenye mashine ya MRI, ambayo ina sumaku kali, kabla hawajajua hilo.

Baada ya upasuaji, nyuzi za nyuma ya sikio hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Kwa wiki kadhaa usipenge kamasi kwa nguvu, chafya ikija fungua mdomo, usibebe mizigo mizito, na safari ya Dar iwe kwa basi au treni badala ya ndege. Sikio kufa ganzi kwa nje, au ladha kubadilika upande mmoja wa ulimi, hutokea na kwa kawaida hupungua yenyewe. Hatari kubwa ni chache, lakini zipo: kupoteza usikivu wa sikio hilo, au uso kulegea upande mmoja. Kizunguzungu kikali, homa, uvimbe unaouma nyuma ya sikio au mdomo kwenda upande, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Kazi nyepesi isiyo na vumbi unaweza kuanza baada ya wiki 2. Kuchomelea, mimi huwaambia mafundi wasubiri wiki 6 hadi 8, na wakaguliwe kwanza. Kipimo cha usikivu hurudiwa baada ya miezi 2 au 3. Ukirudi, usizibe masikio kwa pamba kavu, inashika moto. Vaa vikinga masikio vinavyofunika sikio lote, au kofia ya ngozi inayoshuka mpaka shingoni, hasa unapochomelea kitu kilicho juu ya kichwa. Kofia ya kioo peke yake inaacha sikio wazi ukiinamisha kichwa pembeni.

Hapo ulipo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Benjamin Mkapa zote ziko karibu. Ulizia kliniki ya masikio, pua na koo, nenda na barua ya rufaa, na kama una bima hakikisha mapema upasuaji huu umo, kipimo cha usikivu kikiwemo.