"Usajili umeisha": umekamilika, umejaa au umepitwa na muda?

Msomaji anayesimamia kompyuta za ofisi anauliza: "Wafanyakazi wetu wanatumia Teams, programu ya mikutano ya Microsoft, na baadhi yao wana nyongeza yake, Teams Premium. Ujumbe tunaowatumia unasema: 'Usajili wako umeisha, vipengele vya hali ya juu havitapatikana.' Mwenzangu anataka tuandike 'vipengele vya malipo'. Yupi yuko sahihi?"

Hakuna. Andikeni "vipengele vya kulipia". "Vya malipo" ni vya kufanyia malipo, kama ule ukurasa wa kujazia namba ya kadi. "Vya hali ya juu" ni sifa tu, na sifa haimwelezi mtu kwa nini jirani yake anacho na yeye hana. Tofauti ya wawili hao ni kwamba mmoja kalipiwa. Lipa, lipia: ile i ndogo ya kutendea inamaliza kazi yote, na kila aliyepita stendi anajua choo cha kulipia ni kipi. Anayesema "premiamu" mdomoni simkatizi, maana neno limeshazoeleka. Katika jina la bidhaa, Premium libaki lilivyo.

Ila msomaji ameuliza kuhusu nusu ya pili ya sentensi, na ubovu uko katika nusu ya kwanza. "Usajili umeisha" ni sentensi inayopaswa kufutwa katika kila ofisi inayolipia programu kwa mwezi au kwa mwaka.

Sajili tumeipata kwa Waarabu, kwao sijili ni daftari la kumbukumbu. Kusajili ni kuandika jina daftarini, basi. Isha ni yetu wenyewe, na tangu zamani inabeba ukamilifu: "amekwisha kula" ndiyo iliyotuzalia "ameshakula". Kwa hiyo mfanyakazi anayesoma "usajili wako umeisha" ana haki kamili ya kufurahi, akidhani jina lake limeandikwa na kazi imekamilika. Mwingine ataelewa kwamba nafasi zimejaa. Wa tatu ataelewa kwamba muda umepita. Wote watatu wamesoma Kiswahili sahihi, na kila mmoja atafanya jambo lake.

Mambo hayo matatu yana tiba tatu tofauti. Kama muda wa kulipia umepita, tiba ni pesa, na kuna saa inayohesabu. Kwa mipango mingi ya Microsoft 365 (programu za ofisi zinazolipiwa kwa mwezi au kwa mwaka), siku 30 za kwanza baada ya muda kupita watumiaji wanaendelea kama kawaida. Zikifuata 90, wao wanafungiwa na msimamizi pekee ndiye anayeweza kuingia kuokoa data. Baada ya hapo data inafutwa. Msimamizi aliyeambiwa "umeisha" akaelewa "umejaa" anaweza kuzipoteza zile 30 akihangaika kumtafutia mtu nafasi.

Kama idadi ndiyo iliyokwisha, hakuna saa inayohesabu. Mmenunua leseni 50, yaani haki za watu 50 kutumia programu, mmegawa 50, wa 51 hapati kitu. Msimamizi afungue kituo cha usimamizi, upande wa malipo, kisha leseni, alinganishe zilizonunuliwa na zilizogawiwa. Mara nyingi atakuta leseni imekaliwa na mtu aliyeacha kazi zamani, kwa sababu kumzuia mtu kuingia hakuiachii leseni yake. Ni lazima aondolewe leseni yenyewe. Leseni zikigawiwa kwa kundi, kuna mtego mwingine: kundi lililo ndani ya kundi halirithi leseni. Zikigawiwa mtu mmoja mmoja, mtumiaji asiyewekewa nchi anakotumia huduma anaweza kugomewa. Katika hali hizo hakuna kilichoisha kwa maana yoyote ile, lakini ujumbe utakaosambazwa ofisini ni uleule, "umeisha".

Na kama kilichoisha ni uandikishaji, tuseme mtu amejiandikisha kuhudhuria semina ya mtandaoni, hakuna tiba inayotakiwa. Amesajiliwa. Mwambieni "usajili wako umekamilika" alale.

Watu wa vibanda vya simu walishalitatua hili bila kamusi. Mteja akilalamika kwamba kifurushi kimeisha, anaulizwa: muda au MB? Anajibu, anahudumiwa. Swali hilo la maneno matatu linakosekana katika barua pepe za ofisi zetu, nasi tulioajiriwa kuandika ndio wa kulaumiwa.

Usajili una kosa jingine, la gharama zaidi. "Futa usajili wa mhasibu" ni agizo la hatari. Msimamizi mgeni akilitii neno kwa neno, anaweza kwenda kusitisha mpango wa ofisi nzima. Aliyeagiza alitaka kusema "mwondolee mhasibu leseni". Mpango ni mkataba wa ofisi na muuzaji. Leseni ni haki ya mtu mmoja ndani ya mpango huo. Tena hata mhasibu akiondolewa leseni, bili haipungui: leseni inarudi ghalani kusubiri mtu mwingine. Kwenye mpango wa mwaka, idadi hupunguzwa ndani ya siku 7 tangu kununua au kuhuisha. Zikipita, mnalipia hadi mwaka uishe. Na kama aliyoondolewa ni leseni ya msingi yenye barua pepe, barua zake zinahifadhiwa siku 30.

Teams Premium, iliyotoka Februari 2023, ni leseni ya nyongeza: mtu awe na leseni ya msingi ya Teams kwanza. Kwa hiyo msiandike "mkutano una Premium". Mkutano haulipiwi, analipiwa mtu. Anwani ya barua pepe ya mhudhuriaji inayopita hafifu juu ya slaidi, ili asizipige picha na kuzisambaza, hutegemea leseni ya mwandaaji. Muhtasari unaotungwa na akili unde hutegemea leseni ya anayeusoma, na mkutano uwe umenakiliwa maneno. Kwa hiyo ujumbe usiotaja ni leseni ya nani unawaacha watu wakilaumu kompyuta.

Neno "leseni" lenyewe nalikubali. Wapo wanaotaka "kibali", lakini kibali hutolewa na mwenye mamlaka baada ya ombi, na hapa mnanunua.

Basi, msomaji, futa ujumbe wako na uweke mojawapo kati ya hizi mbili, kufuatana na kilichotokea. "Muda wa mpango wetu wa Teams Premium umepita tarehe fulani. Vipengele vya kulipia vitafungwa tarehe fulani tusipolipa." Au: "Leseni zote 50 za Teams Premium zimegawiwa. Utapewa yako mwenzako mmoja akiondolewa, au tukiongeza idadi." Tarehe zijaze kabla ya kutuma.