Rubani asiyegoma, hasara yake inaandikwa wapi?

SWALI: Nasomea uhasibu hapa Mombasa. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways walipogoma, shirika lilisema linapoteza takriban shilingi milioni 300 kwa siku. Je, rubani aliye kazini ila ana kinyongo, hasara yake huonekana wapi vitabuni?

JIBU: Haina mstari wake, ndiyo maana wakubwa huipuuza. Mgomo ule ulianza tarehe 5, na mahakama ikaamuru marubani warudi kazini asubuhi ya tarehe 9. Madai nayo yalijulikana: michango ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa 2020, na mishahara iliyoahirishwa. Mgomo baridi hautangazwi.

Chukua mafuta. Ofisi huandaa mpango wa safari, lakini kapteni ana haki ya kuongeza. Anayeiamini ofisi huongeza akitilia shaka hali ya hewa. Asiyeiamini huongeza tani nzima kila safari, na hakuna wa kumbishia (wala asibishiwe). Sasa, kubeba mafuta kunakula mafuta: kila saa angani, kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito huo wa ziada. Nairobi hadi London ni saa nane na ushei, kwa hiyo robo ya tani hiyo au zaidi inateketea bure. Wewe mhasibu utaiona chini ya “mafuta”, ulaumu bei ya soko.

Saa za kazi ni vivyo hivyo. Ndege ikichelewa na zamu ikikaribia kikomo, kanuni humruhusu kapteni kurefusha muda kidogo kwa hiari yake. Akikataa hajakosa, ila abiria wote wanalala hotelini kwa gharama ya shirika.

Linalouma zaidi ni siku za mapumziko, kwa sababu mashirika mengi huajiri marubani wachache na kutegemea kwamba mtu akipigiwa simu atakuja. Majira ya joto ya 2000, marubani wa United ya Marekani, wakidai mkataba mpya, walikataa saa za ziada. Maelfu ya safari zilifutwa bila mgomo wowote kutangazwa, hadi makubaliano yalipopatikana mwishoni mwa Agosti.

Ukiajiriwa na shirika la ndege, weka mafuta ya ziada ya kila mwezi sambamba na tarehe za mazungumzo na chama chao. Lakini usiyapange kwa majina ya makapteni. Wakijua wanahesabiwa, kuna atakayeogopa kuongeza hata siku ya ukungu.