Maswali na majibu: foto kugeuzwa mchoro

*Ni programu gani inayogeuza foto kuwa mchoro wa rangi ya mafuta? (Kamalondo)*

Swali hili tena! GIMP ni ya bure, na kichujio (zana ya kubadili sura ya picha) cha kufanya hivyo kimo ndani. Programu haijawahi kuwa shida ya mtu hapa Lubumbashi.

*Nimetengeneza picha ya mama, uso umekuwa kama uji. Kwa nini?*

Kwa sababu umevuta kipimo cha brashi hadi mwisho, ukakitumia sawasawa kwenye ukuta, kitenge na macho. Vichujio vingi vya aina hii ni ndugu wa kile cha mtafiti Kuwahara cha mwaka 1976, kilichobuniwa kusafisha picha za hospitali. Kila pikseli (nukta ndogo ya picha) inatazama vipande vinne vinavyoizunguka, kisha inachukua wastani wa rangi ya kile chenye mabadiliko madogo kuliko vyote. Ukingo wa shavu unabaki, kope na makunyanzi vinafutika. Na mama bila makunyanzi yake ni nani?

Tengeneza nakala mbili: ya chini kwa brashi nene, ya juu kwa brashi nyembamba. Ile ya juu uifute kote, uache macho, midomo na vidole. Mtafiti wa michoro ya kompyuta Aaron Hertzmann alieleza njia kama hiyo mwaka 1998: brashi kubwa kwanza, ndogo baadaye, pale tu mchoro unapoachana na foto.

*Foto nimetumiwa kwa WhatsApp. Naweza kuichapa A3?*

Kwa kawaida hapana: WhatsApp huipunguza foto, na A3 safi inataka pikseli 3508 kwa 4961. Mwambie mwenyewe akutumie faili halisi.

*Akili mnemba inaweza kuiga wachoraji wetu?*

Inaiga ngozi ya mchoro. Tangu kazi ya mtafiti Gatys na wenzake kule Tübingen, Ujerumani, mwaka 2015, kompyuta inaweza kuchukua umbo la foto moja na kulivika rangi na mikwaruzo ya mchoro mwingine. Ipe mchoro wa Mwenze Kibwanga, mchoraji wa zamani wa hapa Lubumbashi, utapata mistari yake mifupi mifupi, hata juu ya meno ya bibi harusi! Mwenzake Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Alijua kidole kinaanzia wapi na kwa nini. Kabla ya kubonyeza, nenda kaangalie kwa macho yako kazi za Hangar, karakana ya wachoraji hao.

*Wateja nawaambia nimechora kwa mkono. Kuna ubaya?*

Huo ni wizi. Kuna vijana wanaochora kweli kutoka foto ya pasipoti, na bei unayoivunja ni ya kwao.