Gita lilivuka, Kiingereza kilisindikiza tu

Swali lenu la wiki hii ni hili: msanii anayetaka kusikika nje ya kwao, ni lazima aimbe kwa Kiingereza? Najua wengi watawajibu kwa kuwataja wasanii wa bongo fleva, na wana haki. Mimi nawapeleka Tokyo, mwaka 1971. Wajapani walishabishana juu ya jambo hilihili mpaka likafika magazetini, na ushahidi wa kesi yao bado unasikika kwenye santuri.

Jibu langu ni hapana. Na shahidi wangu, msicheke, ni albamu iliyoimbwa kwa Kiingereza.

Inaitwa Satori, ya bendi ya Flower Travellin' Band. Wenyewe wanaiweka kwenye kabati la roki ya saikedeliki, yaani ule muziki wa gita za umeme uliovimba, wa kuchezea akili ya msikilizaji, uliopamba moto mwishoni mwa miaka ya 1960. Satori ni ule mwamko wa ghafla wanaoutafuta Wabudha wa Zen. Nyimbo ni tano na hazina majina: Sehemu ya Kwanza, ya Pili, hivyo hivyo hadi ya Tano. Jumla ni dakika kama 42.

Aliyeisukuma bendi hii ni Yuya Uchida, mwimbaji ambaye mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa waliotumbuiza kabla ya Beatles kupanda jukwaani kwenye ukumbi wa Budokan, Tokyo. Mwaka 1969 alitoa albamu akiwa na bendi yake ya The Flowers, na karibu yote ilikuwa nyimbo za wasanii wengine: Janis Joplin, Cream, Jimi Hendrix. Kisha akaacha kuimba, akakaa nyuma kama prodyuza, akapanga kikosi kipya. Sauti akampa Joe Yamanaka, kijana aliyekuwa ameigiza katika mchezo wa jukwaani wa nyimbo, Hair, uliochezwa Tokyo. Gita likawa la Hideki Ishima, besi Jun Kozuki, dramu Joji Wada. Hata hivyo albamu yao ya 1970, Anywhere, ilikuwa bado kazi ya kuazima: Black Sabbath, King Crimson, bluzi za Kimarekani. Jaladani wanaendesha pikipiki wakiwa uchi wa mnyama. Kwa maoni yangu jalada ndilo la kukumbukwa. Nyimbo zenyewe, ukishazisikia kwa wenyewe, huna haja ya kuzirudia.

Wakati huohuo jarida la New Music Magazine likawakutanisha wanamuziki kujadili roki iimbwe kwa lugha gani. Uchida alisimamia Kiingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba maneno ya Kijapani hayakai vizuri juu ya mdundo wa roki, na kwamba ukitaka dunia ikusikie uimbe kwa lugha ambayo dunia inaielewa. Upande wa pili walikaa vijana wa bendi ya Happy End, akiwemo Takashi Matsumoto, mpiga dramu aliyekuwa pia mtunzi wao wa mashairi. Wao waliamini Kijapani kinaweza kubeba roki, ni kazi ya mtunzi kukitafutia njia.

Kinachonishangaza ni kwamba jibu la nusu ya hoja lilikuwa mezani miaka mingi kabla. Mwaka 1963 Kyu Sakamoto alishika namba moja kwenye chati ya Billboard huko Marekani kwa wimbo wa Kijapani kitupu. Wauzaji wa ng'ambo waliona jina la asili la wimbo huo gumu kwa wateja wao, wakaupachika jina la chakula cha nyama, Sukiyaki, ambacho hakimo kabisa ndani ya wimbo. Watu walinunua vivyo hivyo.

Sasa rudini kwenye Satori msikie Kiingereza cha Uchida kilifanya kazi gani. Sehemu ya Kwanza inaanza na mlio mmoja mwembamba, wa juu, unaning'inia. Unadhani spika imeharibika. Halafu Yamanaka anapiga ukelele, ukelele mtupu usio na neno, na bendi nzima inakuangukia. Mashairi yanakuja baadaye, mistari michache inayorudiwa, mifupi kiasi kwamba mtu asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji hakosi chochote. Yamanaka anaitumia sauti kama ala: anaipandisha hadi juu, anaikwaruza, anaivuta. Ukimnyang'anya maneno yote, asilimia kubwa ya anachofanya inabaki palepale.

Na gita. Ishima alivutiwa sana na muziki wa Kihindi. Miaka mingi baadaye aliunda chombo chake mwenyewe, nusu gita nusu sitari, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, akakiita sitarla. Mwaka 1971 alikuwa na gita la kawaida la umeme, lakini sikilizeni Sehemu ya Pili anavyozizungusha noti, anavyoiteleza moja hadi nyingine bila kuikanyaga katikati. Chini yake Wada anapiga dramu nzito, za mwendo mmoja, hana haraka. Mimi niliyelelewa kwa taarabu sikuhitaji mkalimani: ile namna ya kuipamba noti kabla ya kuiachia nilishaisikia kwa wapiga udi na fidla. Sisemi Ishima alisikiliza taarabu. Nasema sikio langu lilipata pa kushika, na pa kushika penyewe hapakuwa Kiingereza.

Sehemu ya Tatu, ambayo ni zaidi ya dakika 10, Yamanaka ananyamaza. Ala tupu. Gita na besi vinakokota wimbo mmoja polepole, vinaukaza, vinaongeza mwendo mpaka unajikuta unatingisha mguu, kisha vinaurudisha kwenye uzito wake. Kwangu hapo ndipo albamu inapofikia kilele, na hapo hapana lugha ya mtu.

Je, walivuka? Walivuka. Kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka walifahamiana na bendi ya Lighthouse ya Kanada, wakahamia Toronto, na Satori ikatolewa huko pia. Albamu iliyofuata, ya 1972, ilirekodiwa Kanada chini ya Paul Hoffert wa Lighthouse. Mwaka 1973 wakatawanyika. Lakini Satori haikufa. Takashi Miike aliitumia kwenye filamu yake ya 2002, na mwaka 2007 Mwingereza Julian Cope, katika kitabu chake kuhusu roki ya Japani, aliiweka ya kwanza katika orodha yake ya albamu 50.

Na wale wa Happy End, wabishi wa Kijapani? Mwaka 2003 wimbo wao wa 1971, Kijapani mwanzo hadi mwisho, uliingia kwenye filamu ya Sofia Coppola, ukapata wasikilizaji Marekani na Ulaya ambao hata salamu ya Kijapani hawaijui.

Haki itendeke: mtetezi wa Uchida angenibana kwa jambo moja. Wimbo uliompatia Yamanaka umaarufu mkubwa kuliko yote, ule wa filamu ya Ningen no Shomei mwaka 1977, aliuimba kwa Kiingereza. Sawa. Ila waliounyakua walikuwa Wajapani wenyewe, nyumbani kwao, kwa hiyo sijui unamsaidiaje mtu anayedai Kiingereza ni tiketi ya kutoka nje.

Kwa msomaji atakayetaka kujaribu, asianzie Sehemu ya Nne. Hapo wanarudi kwenye bluzi, harmonika inalia, kila kitu kimepangwa kama walivyokuwa wakipanga bendi za Uingereza wakati ule, na wanakuwa bendi nzuri ya kawaida. Aanze na ya Pili, sauti juu, kisha aiache iingie ya Tatu yenyewe. Ya Tano anaweza kuiruka, mimi huiruka.