Mama mkwe wako hajakukosea

*Tantini, nina miaka 28, niko Katuba, hapa Lubumbashi. Nina SS, ugonjwa wa selimundu, tangu utoto, lakini ukinitazama huwezi kujua. Mama mkwe ananiita mvivu mbele ya majirani, na bwana yangu hanitetei. Mchungaji amesema vidonge ni ukosefu wa imani, nimeviacha tangu Pasaka. Nimechoka. Mniombee. Mwenye Machozi.*

Pole, binti yangu. Maumivu ya mifupa usiku wa manane, nyumba nzima imelala, ninayajua: nililala chumba kimoja na mdogo wangu mwenye SS hadi nilipoolewa.

Sasa tuongee. Barua yako ina kurasa tatu. Mama mkwe yumo katika kila ukurasa, halafu mwishoni, pembeni, kwa herufi ndogo, umeandika: "bwana hajui, anafikiri ni malaria na rumatizimu". Hapo ndipo barua yako inapoanza.

Jiweke mahali pa yule mama. Jumanne anamwona mke wa mwanawe amejifunika blanketi, bukari haijapikwa, mtoto analia. Jumamosi anamwona yuleyule harusini, amejipamba, anacheza. Unataka awaze nini? Na wewe mwenyewe umeandika, bila nia ya kumsifu, kwamba yeye ndiye anayeteka maji asubuhi, na usiku mtoto analala naye. Mtu aliyekubebea mzigo miaka mitatu bila kuambiwa sababu ana haki ya kunung'unika. Mimi niko upande wake. Na bwana atakuteteaje kwa jambo asilolijua?

Mvivu wewe si mvivu, hilo nalo ninalisema kwa sauti. Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Yako hujipinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na hufa baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo maana unachoka kabla ya kushika ufagio. Ndiyo maana macho yanageuka manjano, na ndiyo maana Juni na Julai, baridi yetu inapoingia, kufua alfajiri kwa maji baridi kunakulaza siku tatu. Mama aliyelea watoto angeyaelewa haya mara moja.

Ninyi wa siku hizi mnanihuzunisha. Mwezi mzima mnazunguka sokoni kutafuta kitenge cha sare ya harusi, mnabishana juu ya mahari na mpiga picha, na juu ya damu haulizi mtu. Wazee walituma mjumbe kuuliza nyumba ile ina ugonjwa gani, tukawaita washamba. Leo kipimo cha damu, elektroforezi, kinatoa jibu kwenye karatasi, na karatasi inafichwa chini ya godoro! Kama bwana yako ni AA, yaani hana urithi wa ugonjwa huu, watoto wenu wote watakuwa AS, wabebaji tu, hawataugua. Kama ni AS, kila mimba ni nusu kwa nusu: mtoto AS, au SS kama wewe. Umezaa naye bila kumpa nafasi ya kulijua hilo. Hapo nimekasirika nawe, sikufichi.

Kuhusu mchungaji: Paulo, aliyeponya wengi, alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa huko Mileto, wala hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani. Omba, na vidonge umeze. Na yule mama aliyetokwa damu miaka 12, ambaye ugonjwa wake nao haukuonekana usoni, unakumbuka alifanya nini baada ya kugusa vazi? Alikuja akitetemeka, akaanguka, akasema kweli yote mbele ya umati. Ndipo Yesu akamwita binti, akamwambia aende kwa amani. Wewe amani unaiomba, kweli unaificha.

Leo jioni, mtoto akilala, mwambie bwana. Usianze na mama yake. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha nendeni wawili kwa mama, upige magoti. Jumatatu rudi kwa daktari juu ya vidonge, na mtoto na baba yake wapimwe. Homa ikipanda, usingoje maombi yaishe, kimbilia hospitali. Mdogo wangu ana miaka 46, anafundisha shule ya msingi, na bwana yake ndiye anayemchemshia maji ya kuoga.

Mama mkwe mpe salamu zangu, na umshukuru kwa usiku wote aliolala na mtoto.