Kuhusu mafunzo ya ndoa kwa wachumba waliojuana miaka minne

Ndugu, umeuliza kama mafunzo ya ndoa ya kanisani yana faida yoyote kwa wachumba ambao wamejuana miaka minne. Naona yanayo, ila yasiishie kwenye unyumba na mahari, kwa kuwa vijana wengi tunaingia katika ndoa na matarajio ambayo hatujawahi kuyatamka: mmoja anadhani mshahara wa mwenzake ni wa nyumba nzima, mwingine anaamini ataendelea kumtumia mama yake fedha kila mwisho wa mwezi kama alivyozoea. Mwulizeni mwalimu wenu kuhusu sheria pia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe, lakini haigeuzi mali ya mmoja kuwa ya wote wawili siku ya harusi. Sheria hiyo hiyo inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Siku hizo, ambazo kamati za harusi huzimalizia kwenye michango na mapambo (yangu nayo ilifanya hivyo), zinatosha kuandika madeni ya kila mmoja na wadogo anaowasomesha. Mwenzako akikwepa mazungumzo hayo, usiharakishe kulipia ukumbi.